Visima vilivyokufa bila kuguswa: kisa cha kupima majimaji ya mbawakawa dhidi ya bakteria

## Kisa chenyewe na waliohusika

Mwanafunzi wa uzamili alipima majimaji ambayo mbawakawa wa unga hujihami nayo, akitaka kujua kama yanaua bakteria wanaowaambukiza binadamu. Matokeo yalikuja mazuri. Lakini katika sahani za mwanzo palikuwa na visima vichache (vishimo vidogo vya sahani ya maabara vya kuoteshea bakteria) ambamo bakteria walikufa ilhali hawakuwekewa kitu chochote cha kuwaua. Kwa miezi kadhaa visima hivyo vilichukuliwa kuwa makosa ya mkono. Baadaye vilidhihirika kuwa ndivyo vilivyokuwa vikisema kweli.

Mimi niliingia mwishoni, nilipoombwa kuisoma rasimu ya makala kabla haijapelekwa kwenye jarida, nikakaa nao hadi kazi ilipoandikwa upya. Nimeondoa majina, chuo, tarehe na chochote cha kumtambulisha mtu. Nitawaita Mtafiti, Msimamizi wake ambaye ni mkemia, na Fundi wa maabara, mama aliyeanza kuotesha bakteria kabla Mtafiti hajaanza shule.

## Usuli: mdudu anayekitia dawa chakula chake

Mbawakawa mwekundu wa unga, *Tribolium castaneum*, ana urefu wa milimita 3 hadi 4. Anazaliwa, anakula, anazaa na kufa ndani ya unga. Aliyewahi kufunua chombo kilichojaa wadudu hawa anaijua harufu yake inayochoma pua, na huenda ameona unga umegeuka waridi. Harufu hutoka kwenye jozi mbili za tezi, moja kifuani na nyingine mwishoni mwa tumbo. Wenye tezi hizi ni wadudu wazima; mabuu hawana.

Mwaka 1943 wakemia wawili, Alexander na Barton, walionyesha kwamba mdudu huyu hutoa ethilikwinoni, dutu ya jamii ya kwinoni. (Barton ndiye Derek Barton aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1969, kwa kazi nyingine kabisa.) Leo tunajua kwamba mchanganyiko huo una benzokwinoni mbili kuu, yenye kundi la methili na yenye kundi la ethili, pamoja na hidrokaboni ndefu zenye kaboni 15 au 17, hasa pentadekini.

Tabia mbili za benzokwinoni ndizo zinazokiendesha kisa hiki chote. Ya kwanza ni kwamba hazitulii zilipowekwa: hata zikiwa yabisi hugeuka mvuke taratibu bila kupitia hali ya kimiminika. Ya pili ni uchu wao wa kushikana na vitu vingine. Zikikutana na kundi la salfa na hidrojeni, linaloitwa thioli, hulidaka na kulishikilia. Thioli zimejaa katika protini za kila kiumbe. Isitoshe, kwinoni hupokea elektroni na kuzipitisha kwa oksijeni, na hapo huzaliwa aina za oksijeni zinazounguza seli kutoka ndani. Bakteria hana pa kukimbilia. Seli ya ngozi ya mtu nayo haina tofauti naye.

Kwa mdudu, hili ni jambo la busara. Unga wenye unyevu ni shamba la ukungu, na yeye hana mahali pengine pa kuishi. Kwa hiyo hasubiri ugonjwa uingie mwilini ndipo apigane nao. Anautia dawa unga wenyewe. Wanabiolojia huiita hii kinga ya nje ya mwili, na mbawakawa wameivumbua kwa njia nyingi. Wale wazikao mizoga, jenasi *Nicrophorus*, huupaka mzoga majimaji ya mdomoni na ya sehemu ya nyuma yenye lisozaimu, kimeng'enya kinachobomoa ukuta wa bakteria, ili watoto wao wapate nyama isiyooza. Mbawakawa wapiga mbizi wana tezi za nyuma zenye asidi ya benzoiki na methili ester ya asidi ya parahidroksibenzoiki. Hiyo ya mwisho ndiyo ile ile inayotiwa katika vyakula na vipodozi kuzuia kuoza, yenye namba E218. Mbawakawa-kibibi wa Asia, *Harmonia axyridis*, akibanwa huchuruzika damu chungu kwenye viungo vya miguu, na ndani yake mna harmonini, ambayo mwaka 2012 iliripotiwa kuzuia bakteria wa kifua kikuu na vimelea vya malaria katika maabara.

Taarifa kama hiyo ya mwisho ndiyo iliyowasha moto kwa kundi letu. Msimamizi aliisoma, akasema wadudu wa unga ni rahisi kufuga kwa maelfu, kwa nini wasipimwe. Swali likaandikwa hivi kwenye pendekezo la utafiti: je, majimaji ya *Tribolium* yanaweza kuwa chanzo cha kiuavijasumu (antibiotiki) kipya? Naomba msomaji alikumbuke swali hilo. Nitalirudia.

## Mambo yalivyokwenda

Kundi la kwanza la wadudu. Mtafiti alichukua wadudu wazima 300 hivi, akawaweka kwenye chupa ya kioo juu ya barafu. Baridi ya ghafla huwashtua wakaachia majimaji. Akawasuuza kwa methanoli kidogo, akachuja. Ili kuondoa methanoli, ambayo nayo ni sumu kwa bakteria, alipuliza gesi ya nitrojeni juu ya chupa hadi ikakauka, kisha akayeyusha mabaki katika kiyeyushi kingine. Hii ni desturi ya kawaida kwa dondoo (majimaji yanayotolewa kwa kiyeyushi) za mimea, na ndiko alikojifunzia.

Bakteria waliota visima vyote kama waliopewa zawadi. Hakukuwa na kitu. Siku ile chumba kizima kilinuka mbawakawa, na Msimamizi alipoingia aliuliza swali moja tu: "Harufu hii imetoka wapi kama bado imo ndani ya chupa?" Kwinoni zilikuwa zimekwenda na nitrojeni. Kosa hili lilitambuliwa ndani ya saa moja, na nalitaja kwa sababu ya ajabu yake: kundi lilijua tangu wiki ya kwanza kwamba dutu hii huruka, likaisahau elimu hiyo kwa muda wote uliofuata.

Kundi la pili. Safari hii hakukausha. Alitumia wadudu wengi zaidi kwa methanoli kidogo zaidi, akazimua moja kwa moja kwenye mchuzi wa kuoteshea. Sahani ilikuwa ya visima 96, mistari 8 (A hadi H) kwa safu 12. Safu ya 1 ilikuwa na bakteria na mchuzi peke yake, kuthibitisha kwamba wanaota. Safu ya 2 ilikuwa na dondoo kali kuliko zote, na kutoka hapo kila safu ilikuwa nusu ya iliyotangulia, hadi safu ya 11. Safu ya 12 ilikuwa mchuzi mtupu. Mstari wa G ulikuwa na methanoli bila mbawakawa, ikizimuliwa vivyo hivyo. Bakteria walikuwa *Staphylococcus aureus* na *Escherichia coli*, kila mmoja kwenye sahani yake, nusu milioni kwa kila mililita kama miongozo inavyotaka, wakalala usiku kucha kwenye nyuzi 35.

Asubuhi, visima vya dondoo vilikuwa safi hadi safu ya 6. Furaha. Lakini safu ya 1, ya bakteria watupu, nayo ilikuwa safi karibu yote. Na mstari wa G ulikuwa safi katika visima vyake vitatu vya mwanzo.

Mtafiti alikuwa na maelezo kwa kila kimoja, na kila maelezo yakisimama peke yake yalikuwa na akili. Safu ya 1 alidhani aliruka kuipanda bakteria, maana alikuwa amechoka. Mstari wa G alidhani ni methanoli yenyewe, kwa kuwa visima vilivyokufa ndivyo vilivyokuwa na methanoli nyingi. Akapunguza methanoli, akarudia. Safu ya 1 ikafa tena.

Uamuzi uliogharimu. Mara ya tatu aliwahamishia bakteria watupu na methanoli kwenye sahani ya pembeni. Huko waliota vizuri kabisa, kila kisima. Aliandika kwenye daftari: "Tatizo limetatuliwa." Msimamizi aliipitia, akatia sahihi. Sahani tatu zilizofuata zilitoka safi, zinafanana, zenye kupendeza kuziangalia.

Kisha ikaja rangi. Ili kusoma matokeo kwa uhakika zaidi walitia rezazurini, ambayo ni ya buluu na hugeuzwa waridi na seli zilizo hai. Visima vikali vya mbawakawa vikatoka na rangi ya kahawia yenye wekundu, ambayo mtu mmoja aliisoma hai na mwingine akaisoma mfu. Kwinoni zikikutana na amino asidi za mchuzi huzaa rangi zenyewe. Ni jamaa wa ile waridi ya unga. Mtafiti akaamua kuiacha rangi na kusoma kwa ukungu wa kisima, yaani kama mchuzi umechafuka au la. Aliamua sawa, ingawa alichosema kwenye rasimu ni kwamba ukungu "ulitoa matokeo yanayoeleweka zaidi," na hiyo si sababu. Sababu ni kwamba rangi ya kipimo na rangi ya dutu zilikuwa zimegongana.

Rasimu ikaandikwa. Kichwa chake kilikuwa na maneno "kiuavijasumu chenye nguvu."

Mchoro wa Fundi. Rasimu iliponifikia niliomba data zote, pamoja na sahani zilizotupwa. Mtafiti alikuwa na tabia ambayo nampongeza kwa moyo wote: aliandika kila kisima cha kila sahani, hata zile alizoziona zimeharibika. Tulipokuwa tukizifungua kurasa hizo, Fundi alikuwa akiosha vyombo nyuma yetu. Akafuta mikono, akaomba kalamu, akachora sahani tupu na kuanza kuweka nukta mahali pa kila kisima kilichokufa.

"Mwanangu," akasema, "ungekuwa umesahau kupanda, wangekufa ovyo ovyo. Hawa wamekaa kama watu wanaouota moto."

Ilikuwa nusu duara. Kitovu chake kilikuwa safu ya 2, kwenye dondoo kali. Visima vya safu ya 1 vilivyoikabili vilikufa. Vya pembeni mwa sahani, mbali na mistari ya mbawakawa, viliota. Visima vya mwanzo vya mstari wa G vilikufa kwa sababu vilikuwa jirani ya mstari wa F, na hapo methanoli haikuhusika kabisa. "Mama, ina maana inapita hewani," Mtafiti alisema, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kipimo kisichogusa. Ushahidi ulikuwa rahisi kuliko yote yaliyotangulia. Walipanda bakteria juu ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria, kwenye sahani ya petri, wakaigeuza chini juu, na kwenye kifuniko wakaweka kipande kidogo cha karatasi chenye tone la dondoo. Baina ya tone na bakteria palikuwa na hewa tupu. Kesho yake palikuwa na duara safi juu ya karatasi. Tone la methanoli halikufanya kitu. Methilibenzokwinoni safi ya dukani ilichora duara lile lile. Pentadekini peke yake haikuzuia lolote.

Hilo la mwisho linakubaliana na kazi iliyochapishwa mwaka 2013, ambapo watafiti walizima jeni za tezi za *Tribolium* wakapata wadudu wasio na kwinoni. Waligundua kwamba kwinoni ndizo zinazozuia vijidudu kwa nguvu, na kwamba hidrokaboni zina mchango mdogo, kama upo. Nadhani hidrokaboni hizo ni za kubeba: kwinoni ni yabisi, na tezi inahitaji kitu cha kuziyeyusha.

Maswali mawili zaidi. Sasa kila ukolezi ulipimwa kwenye kichupa chake chenye kifuniko. Mpaka wa kuzuia ukahama: ilihitajika dondoo kali zaidi kuliko rasimu ilivyodai, maana visima hafifu vya zamani vilikuwa vikisaidiwa na mvuke wa jirani zao. Kisha, kwa pendekezo langu, walitia sisteini, amino asidi yenye thioli, pamoja na dondoo. Nguvu yote ikaisha, kana kwamba hakukuwa na dawa. Hata bila sisteini, dondoo iliyoachwa saa moja ndani ya mchuzi kabla ya kupandwa bakteria ilikuwa imepungua makali, na mchuzi umekuwa kahawia. Yaani walichokuwa wakikipima ni mbio kati ya bakteria na mchuzi, nani adakwe kwanza.

Mwisho walipima seli za ngozi ya binadamu zilizooteshwa. Zilikufa kwenye ukolezi usio mbali na ule unaoua bakteria.

## Maamuzi na sababu zake

Palikuwa na njia tatu mezani. Kuipeleka rasimu kama ilivyo, na kuweka sentensi moja kuhusu mvuke. Kuachana na kazi yote. Au kubadilisha swali.

Msimamizi alielemea njia ya kwanza, na simlaumu kwa hilo. Ripoti ya ufadhili ilikuwa inadaiwa, na Mtafiti alikuwa na muda wa kuhitimu. Alisema, na ni kweli, kwamba makala nyingi za dondoo za wadudu zimechapishwa zikiwa na mpango wa sahani kama ule. Hoja yangu ilikuwa kwamba namba za kwenye jedwali hazikuwa kipimo cha dondoo. Zilikuwa kipimo cha dondoo pamoja na ujirani. Mtu mwingine akizipanga safu kwa mpangilio tofauti angepata namba tofauti, na asingejua kwa nini.

Kilichomgeuza ni sisteini. Akiwa mkemia aliiona mara moja. Dutu inayonaswa na thioli yoyote ipitayo haiwezi kusafiri ndani ya damu, ambamo glutathioni (molekuli ndogo yenye thioli) na protini za thioli zimejaa, ikafika kwenye jipu ikiwa bado na nguvu. Kwinoni zimo kwenye orodha ya miundo inayojulikana kwa kudanganya vipimo, ile iliyotolewa na Baell na Holloway mwaka 2010 kuwaonya wanaotafuta dawa: huonekana zinafanya kazi kwenye karibu kila kipimo, kwa sababu hushikana na karibu kila kitu. Akasema, "Basi tuache kuuliza la hospitali. Tuulize la ndani ya unga."

Mtafiti hakukubali haraka. "Mwalimu, nimeshawaambia wenzangu nimepata antibiotiki." Nililisikia hilo kwa huruma. Lakini ndiye aliyependekeza jaribio la unga.

## Matokeo

Waliuchemsha unga kwa mvuke wa shinikizo kuua vyote vilivyomo, wakautia mbegu za ukungu na unyevu, nusu wakaiacha tupu na nusu wakaiwekea wadudu wazima, katika vyombo vilivyofungwa kwa kitambaa na vingine vilivyozibwa kabisa. Unga wenye wadudu wengi ulichelewa kuota ukungu, na ulichelewa zaidi katika vyombo vilivyozibwa, ambamo mvuke hautoroki. Unga wenye mabuu tupu haukupata kinga hiyo.

Makala iliyochapishwa hatimaye ilikuwa fupi, kuhusu mvuke wa majimaji haya na makosa ya kuyapima kwenye sahani za visima. Neno kiuavijasumu halimo. Mtafiti alihitimu miezi michache baada ya tarehe aliyoitarajia. Ripoti ya ufadhili ilieleza yote, pamoja na kilichoshindikana, na mfadhili hakudai fedha zake.

## Uchambuzi

### Ulinganisho ulipohamishwa

Kosa zito la kisa hiki ni kuihamisha safu ya 1. Kukausha kwa nitrojeni kuliharibu siku moja. Kuhamisha safu kuliharibu kila kitu kilichofuata, na kulifanya hivyo kimya kimya, kwa kuzaa sahani nzuri. Visima vya ulinganisho vipo ili vishiriki hali zote za visima vinavyopimwa isipokuwa dawa yenyewe. Vikipelekwa kwenye sahani nyingine havishiriki tena hewa. Vikaota vizuri, na kuota kwao vizuri kukatumika kama ushahidi kwamba hakuna tatizo.

Tena kila ajali ilielezwa kivyake: hapa uchovu, pale methanoli. Hakuna aliyeziweka ajali mbili kwenye karatasi moja. Mchoro wa Fundi haukuhitaji elimu ya kwinoni. Ulihitaji mtu anayejua kwamba mkono ukikosea hukosea bila umbo, na kwamba penye umbo pana chanzo. Ninaamini angeliona hili mwezi wa kwanza kama angeonyeshwa sahani. Alikuwa akipewa vyombo vya kuosha.

### Swali lililochanganya mambo mawili

Pendekezo la utafiti liliuliza kuhusu kiuavijasumu, huku mdudu akiwa hana haja nacho. Kiuavijasumu tunachompa mgonjwa lazima kichague: kimwue bakteria, kimwache mwenye mwili. Majimaji ya mbawakawa hayachagui, na hayana sababu ya kuchagua, kwa sababu hutolewa nje. Mdudu huyahifadhi ndani ya tezi iliyotengwa na mwili wake, huyaachia kwenye unga, na hukaa nyuma ya gamba gumu. Sumu isiyobagua ni silaha nzuri kwa mwenye ngao. Kuichukua silaha hiyo na kuiuliza kama inafaa kuchomwa kwenye mshipa ni kuitoa mahali pake.

Hili halina maana kwamba mbawakawa hawana cha kutufaa. Wapiga mbizi wametuonyesha kinyume, na harmonini bado inastahili kuchunguzwa kwa makini. Lisozaimu ya wazika mizoga ni ya jamii ile ile iliyomo kwenye machozi yetu, ambayo Fleming, mgunduzi wa penisilini, aliielezea mwaka 1922. Lakini kila dutu inabeba tabia yake. Lisozaimu hairuki hewani. Inaweza kupimwa kwenye sahani ya visima bila wasiwasi huu. Kwinoni haiwezi. Mpango wa kipimo hauna budi kutungwa baada ya kuijua dutu, na hapa ulikopwa mzima mzima kutoka kwenye dondoo za mimea.

### Adui naye hakulala

Kuna jambo ambalo rasimu ya kwanza ilidai bila kulipima: kwamba vijidudu havitaweza kuzoea sumu kali namna hii. Vinaweza. Kuvu ya *Beauveria bassiana*, inayoua wadudu wengi, ina kimeng'enya kinachoivunja nguvu benzokwinoni, na kazi iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba ukiiongezea kuvu hiyo uwezo huo, inampata mbawakawa wa unga kwa urahisi zaidi. Kati ya mdudu na kuvu kuna mashindano ya muda mrefu sana, na sisi tumefika juzi. Aya hiyo ya rasimu iliondolewa yote.

### Mikono ya Mtafiti

Nilipokutana na Mtafiti mara ya kwanza ncha za vidole vyake zilikuwa za kahawia. Alidhani ni rangi ya maabara. Ilikuwa kwinoni zimeshikana na protini za ngozi yake, jambo lile lile zilizolifanya ndani ya mchuzi. Macho yalikuwa yakimwasha kila siku ya kukusanya, naye alikuwa akifanya kazi hiyo kwenye meza ya kawaida, nje ya kabati la kuvuta hewa. Hapa kosa ni la Msimamizi, na alilikubali. Ninaliweka pamoja na mengine, wala silitengi kama suala la usalama tu, kwa kuwa dalili zilikuwa mbili na ujumbe mmoja: dutu inaruka, dutu inashika. Mwili wa Mtafiti uliyasema yote mawili kabla ya sahani yoyote. Na kwa anayejiuliza kama unga uliokaliwa na wadudu hawa umehifadhiwa kwa usalama: hapana. Kwinoni zinazouzuia ukungu ni sumu kwa mlaji pia.

### Kilichookoa kazi

Daftari. Kama Mtafiti angeandika sahani zilizofaulu tu, mchoro usingewezekana na mimi ningeipitisha rasimu nikiwa na shaka ndogo ndogo. Pia mpangilio wa majaribio ya mwisho ulikuwa mzuri: kwanza kipimo kisichogusa, ambacho jibu lake haliwezi kusomwa kwa njia mbili, kisha kwinoni safi kando ya pentadekini safi, kisha sisteini, na seli za binadamu mwisho. Kila hatua ilifunga mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine.

Sikubaliani na jambo moja walilolifanya tangu hapo. Siku hizi maabara hiyo huziba kila kisima kwa utando wa kunata na kuhesabu kwamba suala la mvuke limekwisha. Utando huzuia mvuke usitoke, ndiyo, lakini pia huficha kama dutu mpya inaruka au la. Ningependelea sahani ya kwanza ya dondoo yoyote isiyojulikana iwekwe wazi, ikiwa na safu mbili za bakteria watupu: moja ubavuni mwa dondoo kali, nyingine upande wa mbali. Zikiota sawa, ziba ukipenda. Zikitofautiana, umeshapata habari ambayo kundi hili liliikimbia kwa miezi.

### Umri wa wadudu

Kuna kasoro ambayo haikuweza kurekebishwa. Mbawakawa aliyetoka kwenye pupa hivi karibuni ana kwinoni chache sana, na tezi hujaa jinsi siku zinavyopita. Makundi mawili ya kwanza yalichotwa tu kutoka kwenye chombo cha kufugia, wachanga na wakubwa pamoja, bila kuhesabiwa umri. Kundi la tatu ndilo la kwanza kuchaguliwa kwa umri, na hata hapo kiasi cha kwinoni kwa kila mdudu hakikupimwa kwa mashine kabla ya kuzimua. Data za makundi yale mawili ziliachwa nje ya makala, isipokuwa kurasa tatu za daftari zenye visima vilivyokufa, ambazo zilichapishwa kama zilivyo, pamoja na mchoro wa nukta, na jina la Fundi likaingia miongoni mwa waandishi.